Elias Fries na Jina la Uyoga wa Kahawia

Aghalabu wanafunzi wetu hudhani kwamba majina ya kisayansi ni mzigo wa kukariri tu, usio na maana yoyote. Maisha ya Elias Fries, bingwa wa elimu ya uyoga, yanathibitisha kinyume chake.

Fries alizaliwa mwaka 1794 kijijini Femsjö, kusini mwa Uswidi. Babake, aliyekuwa kasisi, alimfunza Kilatini tangu utotoni. Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi, akichuma matunda mwituni pamoja na mamake, aliona uyoga uliomstaajabisha. Tangu siku hiyo msitu ukawa darasa lake. Alipomaliza shule mwaka 1811, alikuwa ameshatambua spishi zipatazo 300 na kuzibunia majina yake mwenyewe ya muda. Alikuwa mwanaistilahi kabla ya kuwa mtaalamu.

Hata hivyo, majina yasiyo na utaratibu hayafai kitu. Katika kitabu chake, Systema Mycologicum, kilichotoka baina ya 1821 na 1832, Fries aliainisha uyoga kwa kuzingatia, pamoja na mengine, rangi ya spora, yaani ule unga laini udondokao kutoka chini ya kofia. Kikundi kimoja cha uyoga wa kahawia, wenye spora za kahawia na kofia ya nyuzinyuzi, alikiita Inocybe, kutokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya nyuzi na kichwa. Mwanzoni kilikuwa tawi tu la jenasi Agaricus. Mwaka 1863 akakipandisha kikawa jenasi kamili.

Hilo halikuwa suala la maneno matupu. Spishi nyingi za Inocybe zina muskarini, sumu inayomtoa mtu jasho jingi na kupunguza mapigo ya moyo. Asiyeweza kuzitenga na uyoga unaoliwa huenda akaangamia.

Fries alifariki Uppsala mwaka 1878. Katika karne hii, wataalamu wa chembe za urithi wameigawa jenasi hiyo ikazaa nyingine kadhaa, lakini jina la Inocybe lingalipo.

Walimu wenzangu, orodha ya kukariri haimjengi mwanafunzi. Hatuna budi kumpa vitu halisi avitazame, avitenge, avipe majina, kisha atetee uamuzi wake. Hivyo ndivyo Fries alivyoanza.