Baba Askofu Cassian Spiss, O.S.B.

Katika jubilei hii tunawataja wengi walioileta imani Ifakara. Lakini kabla yao yatupasa kumkumbuka mchungaji mmoja aliyeuawa mbali na bonde letu la Kilombero, ambaye wazee wetu walihesabiwa katika zizi lake.

Cassian Spiss alizaliwa mwaka wa 1866 katika milima ya Tyrol, nchi ya Austria. Akaingia shirika la Wabenediktini wa St. Ottilien, na mwaka wa 1893 akafika pwani yetu. Mwaka wa 1898 alikuwa Ungoni, katika kuianza misioni ya Peramiho. Huko alijifunza lugha za wenyeji kwa bidii, hata mwaka wa 1904 maandiko yake juu ya Kingoni na Kisutu yakapigwa chapa Berlin. Sisi walimu twajua taabu ya kazi hiyo, kwa kuwa hakuna ajifunzaye lugha ya wenziwe pasipo kunyamaza na kuwasikiliza.

Mwaka wa 1902 akawekwa wakfu kuwa Askofu, makao yake Dar es Salaam. Mwaka uo huo ikaanzishwa misioni ya Kwiro katika milima ya Mahenge.

Ikafika 1905. Watu walikuwa wamechoka. Serikali ya Kijerumani iliwatoza kodi, na huko Umatumbi na Rufiji walishurutishwa kwa viboko kulima pamba. Kinjikitile wa Ngarambe akawapa dawa ya maji, wakaamini kwamba risasi hazitawadhuru. Vita vikaanza mwezi wa Julai. Mwezi wa Agosti Baba Askofu alikuwa njiani kutoka pwani kwenda Peramiho, pamoja na Mabruda Gabriel Sonntag na Andreas Scholzen, na Masista Felicitas Hiltner na Cordula Ebert. Tarehe 14 Agosti, kesho yake ikiwa sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, wote watano wakauawa Mikukuyumbu, upande wa Liwale.

Tusiwahesabu waliowaua kuwa wanyama. Waliona rangi ya ngozi tu, na watu wa rangi ile walikuwa wamewatesa. Twasema hivi maana mwisho wa mwezi ule ule Wambunga na Wapogoro, wazee wa wazee wetu, walilishambulia boma la Mahenge, wakaanguka wengi mbele ya bunduki. Nyuma yake ikaja njaa, iliyoua watu wengi kuliko risasi. Basi wako katika parokia zetu walio wajukuu wa wapiganaji wale, tena ni wana wa misioni ya Askofu yule, nao huwaombea marehemu wa pande zote mbili.

Ungoni nako Peramiho ilichomwa moto, na padre mmoja akauawa. Mwezi wa Februari 1906 serikali ikawanyonga wakubwa wengi wa Wangoni huko Songea. Kabla hawajanyongwa, padre Mbenediktini, ndugu wa shirika la marehemu Askofu, aliwaendea gerezani akawafundisha, na waliotaka akawabatiza.