Askofu Edward Steere na Kitabu cha Mungu kwa Kiswahili

Yatupasa kuwakumbuka wazee waliotutangulia, tupate kujua mambo tuliyoyarithi yalipatikana kwa taabu gani. Jina la Askofu Edward Steere linajulikana na wengi kwa sababu ya Kanisa Kuu la Mkunazini huko Unguja, alilolijenga mahali palipokuwa soko la watumwa. Walakini iko kazi yake nyingine, isiyo na mnara wala kengele, nayo imefika mbali kuliko mawe yale. Ndiyo kazi ya kulitia Neno la Mungu katika lugha ya Kiswahili. Habari za kazi hiyo ndizo tunazozieleza hapa, pamoja na habari za watu waliomsaidia, kwani hakuifanya peke yake.

Edward Steere alizaliwa London, katika nchi ya Uingereza, tarehe 4 Mei 1828. Alisomea sheria, akafaulu sana, hata akapewa cheo cha mwanasheria mwaka 1850. Lakini moyo wake haukutulia katika kazi ile. Mwaka 1856 akapewa ushemasi, na baadaye upadre, akatumikia makanisa madogo ya mashamba. Huko Lincolnshire alipata rafiki, Padre William Tozer, na urafiki huo ndio uliomleta Afrika.

Katika siku zile Misioni ya Vyuo Vikuu ilikuwa katika huzuni kubwa. Ilianzishwa kwa mwito wa Dakta Livingstone, ikaenda kukaa karibu na mto Shire, upande wa kusini wa ziwa Nyasa. Lakini Askofu wake wa kwanza, Mackenzie, alikufa kwa homa mwaka 1862, na wengine wakafa baada yake. Mwaka 1863 Tozer aliwekwa kuwa Askofu mahali pake. Steere akajitoa kufuatana na rafiki yake, akamwacha mkewe na parokia yake ya Little Steeping, akidhani kwamba atakuwa safarini kwa muda mfupi tu.

Walipofika nchi ya Shire waliona kwamba Misioni haiwezi kudumu pale. Basi Askofu Tozer akakata shauri kuihamishia Unguja, akafika huko pamoja na Steere mwishoni mwa Agosti 1864. Watu wengi walilaumu shauri hilo. Livingstone mwenyewe alisikitika mno, akaona kwamba wamewaacha watu wa bara. Kweli, kwa macho ya watu ilikuwa kama kushindwa. Lakini Unguja palikuwa na kitu ambacho Shire hapakuwa nacho. Palikuwa na lugha iliyosikiwa tangu pwani hata maziwa makuu, lugha ya mabaharia, ya wafanya biashara na ya wapagazi. Atakayeiandika lugha hiyo vema aweza kupeleka kitabu mahali ambapo miguu yake mwenyewe haitafika.

Muda si mrefu baada ya kufika kwao, Seyyid Majid, Sultani wa Unguja, aliwapa watoto watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Watoto hao ndio walikuwa mwanzo wa shule ya Misioni. Tufikiri kidogo habari zao. Walikuwa wamenyang'anywa baba na mama, kijiji na jina la ukoo, na karibu wanyang'anywe lugha pia. Nao walimu wao hawakuweza hata kuwauliza kama wanaumwa. Basi Steere, mtu wa vyeo vya elimu, hakuwa na njia ila kukaa kitako na kufundishwa kama mtoto.

Hakuwa mtu wa kwanza kuishika kazi hii. Dakta Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Misioni ya C.M.S., alikuwa amefika pwani mwaka 1844, akaanza kufasiri kitabu cha Mwanzo huko Mombasa katika mwaka ule ule aliofiwa na mkewe na mtoto wake mchanga. Mwaka 1850 alitoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili. Steere alipokea kazi ya Krapf kwa shukrani, akaanzia hapo. Lakini aliona ya kuwa maneno ya Mombasa na ya Unguja yana tofauti, akafuata maneno aliyoyasikia kila siku mjini Unguja.

Mmoja wa waliomfundisha alikuwa kijana wa Kiswahili, Hamisi wa Kayi, mwepesi wa kufahamu jambo analotaka mgeni kulijua. Mwingine alikuwa Sheikh Abdul Aziz, mwanachuoni mkubwa wa Unguja. Sheikh huyu, ijapokuwa ni Mwislamu, kwa ukarimu wake alijitolea kuzifasiri Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili safi cha watu wa elimu. Alifika Zaburi ya kumi na sita. Maneno yake yalikuwa mazuri mno, lakini yalikuwa ya juu, yenye Kiarabu kingi, hata mtu wa kawaida hakuweza kuyafuata. Basi hapo Steere alikuwa na la kuchagua: ama kuchukua maneno yatakayosifiwa na wenye elimu, ama kuchukua maneno yatakayofahamika na mpagazi na mwanamke wa shambani. Alichagua hayo ya pili. Walakini hakuitupa kazi ya Sheikh, bali aliipiga chapa, iwe ukumbusho wa wema wake na mfano wa Kiswahili cha wanachuoni.

Palikuwa na shauri jingine la kukata, nalo ni la herufi. Waswahili walikuwa wameandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu kwa miaka mingi, na mashairi mengi yalihifadhiwa kwa herufi hizo. Lakini herufi za Kiarabu hazionyeshi sauti zote za Kiswahili kwa wazi, na asiyelijua neno tangu zamani aweza kulisoma vibaya. Steere alitaka hata mtu wa bara, asiyezaliwa na Kiswahili, aweze kusoma kama ilivyoandikwa. Basi akatumia herufi za Kirumi, kila irabu na sauti yake moja. Mwandiko tunaoutumia leo shuleni unafuata njia hiyo kwa sehemu kubwa. Nanyi walimu, mnapomwona mtoto wa darasa la kwanza akishika kusoma upesi, jueni kwamba jambo hilo lilifikiriwa zamani kwa ajili yake.

Misioni ilikuwa na mashini ndogo ya kupiga chapa, na wavulana wa shule ndio waliofundishwa kuitumia. Walipanga herufi moja moja, wakapaka wino, wakakunja karatasi. Watoto waliohesabiwa kama mzigo wa jahazi sasa walikuwa wakitengeneza kurasa za Injili kwa mikono yao. Mmoja wa wale watano wa kwanza, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879.

Mwaka 1868 Steere alirudi Uingereza, akiwa na karatasi zake nyingi. Injili ya Mathayo ilitoka mwaka 1869. Mwaka 1870 alitoa kitabu kikubwa cha kufundishia Kiswahili cha Unguja, na katika mwaka huo huo akatoa hadithi za Waswahili kama alivyosimuliwa na watu wa Unguja. Wengine waliona ajabu padre kushughulika na hadithi za sungura na simba na masultani. Lakini yeye alijua kwamba mtu hawezi kufasiri maneno ya Bwana wetu kama hajasikia kwanza jinsi watu wanavyocheka na kulia kwa lugha yao.

Mwaka 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja na kuharibu nyumba za Misioni, naye Askofu Tozer alikuwa mgonjwa. Steere akarudi. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka ule jiwe la msingi la kanisa likawekwa pale pale. Mwaka 1874 aliwekwa kuwa Askofu. Tangu hapo alikuwa mjenzi, mchungaji, msafiri na mwalimu kwa pamoja, na kufasiri kulifanywa katika nafasi zilizobaki. Hata hivyo kazi haikusimama. Agano Jipya zima lilikamilika, likatolewa na Chama cha Biblia cha London karibu na mwaka 1880.

Chama hicho tusikisahau. Kilianzishwa mwaka 1804, na mwanzo wake ulikuwa upungufu wa Biblia kwa Wakristo wa Wales, watu maskini waliotaka kusoma kwa lugha yao wenyewe. Fedha zake hazikutoka kwa matajiri peke yao. Wafanya kazi na watumishi wa nyumbani walitoa senti zao kila juma, wasijue kitabu kitapelekwa nchi gani. Basi Agano Jipya la Kiswahili lililipiwa kwa sehemu na watu wasiojua hata neno moja la Kiswahili.

Nacho kitabu kilikwenda mbali. Hata kabla hakijakamilika, mwaka 1875, kijana wa shule ya Misioni huko Unguja, Dallington Maftaa, alikwenda na Stanley mpaka Buganda, akabaki kwa Kabaka Mutesa kumsomea na kumfasiria maneno ya Maandiko kwa Kiswahili. Wakristo wa kwanza wa Uganda walisoma Injili kwa Kiswahili kabla hawajaipata kwa Luganda.

Hapa tufike penye jambo kubwa la habari hii. Steere alijua kwamba Kiswahili hakikuwa lugha ya mama kwa wengi wa wanafunzi wake. Wavulana wale walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua, Wanyamwezi na wengineo. Kiswahili kilikuwa mlango mpana, lakini mtu haishi mlangoni. Kwa hiyo aliwauliza wenyeji wa lugha za bara, akaandika mwanzo wa maneno na sarufi zao: Kisambaa mwaka 1867, Kiyao mwaka 1871, Kimakonde mwaka 1876, na Kinyamwezi pia. Vilikuwa vitabu vidogo, vyenye makosa kama kila mwanzo ulivyo. Lakini vilimwonyesha Mmakonde na Msambaa kwamba lugha yake nayo yastahili kuandikwa, na kwamba Mungu aweza kunena kwayo.

Mwaka 1876 alipoongoza watu waliowekwa huru kutoka Unguja mpaka Masasi, alikuwa pamoja na kijana William Percival Johnson. Huyu alishika njia ile ile. Alikwenda ziwa Nyasa, akapoteza nguvu za macho yake, na hata hivyo akafasiri Biblia nzima kwa Kinyanja cha kando ya ziwa, nayo ikatolewa mwaka 1912.

Askofu Steere hakuiona Biblia nzima ya Kiswahili. Mwezi wa Agosti 1882 alifariki ghafula huko Unguja, mwenye umri wa miaka 54, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga. Agano la Kale lilikuwa halijakwisha. Ndipo wenzake, hasa Padre Hodgson na Bwana Madan, wakaishika kazi mahali alipoiacha, na Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ikapatikana mwaka 1891. Hivyo ndivyo ilivyo kazi hii: mmoja huokota maneno, mwingine hupanga herufi, wa tatu hutoa senti, wa nne humaliza, na huenda wasionane uso kwa uso.

Wapendwa, yatufaa nini kuyajua haya? Tulio na Biblia mezani ni wepesi wa kudhani kwamba ilikuwako sikuzote. Lakini duniani zimo lugha zaidi ya 7,000, na zilizo na Biblia nzima ni zaidi ya 700. Baadhi ya watu wasio nayo si wa nchi za mbali. Katika parokia zetu wamo wazee wanaosikiliza somo kwa Kiswahili na kusali nyumbani kwa lugha nyingine, na neno likisha kusomwa kanisani wanalazimika kulifasiri wenyewe moyoni, kila mtu kwa kadiri awezavyo.

Basi tusiridhike na kuwasifu waliokufa. Aliye na lugha ya wazee wake vema, asione haya kuwafundisha wanaoiandika, kama Hamisi wa Kayi alivyofanya. Mwalimu awafundishe watoto kuiheshimu lugha ya nyumbani pamoja na Kiswahili. Sadaka ya kufasiri na kuchapa Maandiko itolewapo, asiye na kingi atoe kidogo, akikumbuka kwamba Injili yetu ililipiwa kwa senti za watu maskini. Na sote tuwaombee wafasiri, kwani kazi yao ni ya miaka mingi, na wengi wao hawatauona mwisho wake.

Mungu, aliyewapa mitume kunena siku ya Pentekoste kwa lugha za watu wote waliosikia, ampumzishe kwa amani mtumishi wake Edward, pamoja na wote waliomkopesha maneno yao, na atuwezeshe sisi kulipa deni hilo kwa wale ambao hawajapata. Amina.