Mwenda Jean Bosco, mtoto wa Bunkeya aliyetembeza gitaa la Katanga

Watu wengi walimjua kwa jina la Mwenda wa Bayeke. Alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, katika jimbo la Lualaba la leo, na alikuwa na undugu na ukoo wa wafalme wa Bayeke. Bayeke wenyewe walitoka Unyamwezi, inchi ya Tanzania ya leo. Walimfuata Msiri katika karne ya 19, wakitafuta shaba na pembe za tembo. Wazee wake walikuwa wageni waliogeuka wenyeji.

Kama vijana wengi wa wakati wa Wabelgiji, Mwenda aliacha kwao akaenda kwenye miji ya migodi. Mwezi wa pili mwaka 1952, Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyeishi Afrika Kusini, alimkuta Jadotville, yaani Likasi ya leo, akipiga gitaa barabarani. Akamrekodi. Kati ya nyimbo hizo kulikuwa Masanga, ambao ulijulikana mbali sana.

Mwenda alipiga nyuzi kwa vidole viwili tu, kidole gumba na cha shahada. Lakini mtu asiyemuona angefikiri ni wapigaji wawili. Aliimba hasa kwa Kiswahili, luga iliyokutanisha wafanyakazi wa makabila mbalimbali kwenye makambi ya migodi.

Kiswahili hicho kilimfungulia njia ya mashariki, upande walikotoka wazee wake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliishi kwa muda Nairobi, akawa na kipindi chake redioni. Wapiga gitaa wengi wa Kenya walijifunza kwake. Mwaka 1969 alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani.

Hata hivyo hakuhamia ngambo. Maisha yake mengi aliyapitisha Lubumbashi, akifanya kazi za ofisi na biashara, na kuongoza kundi lake, Super Shaba. Alikufa mwezi wa tisa mwaka 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia.

Shaba ingali inahamisha watu wa Lualaba. Mjini Kolwezi, familia za mtaa wa Cité Gécamines zimeacha nyumba zao kupisha mgodi. Mwenda pia aliacha kwao, lakini popote alipopiga gitaa, jina la Bayeke lilifika pamoja naye.