Ibn al-Haytham na Tundu la Msumari

Nilifundisha hisabati na sayansi Kawangware, kisha Kibera, mtaa ambao asili yake ni makazi ya askari Waislamu wa Kinubi. Madarasa yetu yalikuwa ya mabati na maabara hatukuwa nayo. Siku moja mwanafunzi aliniuliza kama sayansi ni ya shule za matajiri tu. Jibu nililipata katika maisha ya Al-Hasan ibn al-Haytham.

Mwanachuoni huyu alizaliwa Basra, Iraq, yapata mwaka 965. Yasimuliwa kwamba Al-Hakim, khalifa wa Kifatimi, alimwita Misri akayadhibiti maji ya Mto Nile. Alipofika karibu na Aswan akaona kazi hiyo haiwezekani. Kwa kuchelea hasira ya mtawala akajifanya mwenda wazimu, akafungiwa nyumbani mpaka Al-Hakim alipotoweka mwaka 1021. Baadaye alikaa karibu na Al-Azhar, akijipatia riziki kwa kunakili vitabu. Alifariki Cairo yapata mwaka 1040.

Katika Kitab al-Manazir, chenye juzuu 7, aliipinga kauli ya Wayunani kama Euclid na Ptolemy kwamba jicho ndilo litoalo miali. Alibainisha kuwa nuru hutoka kwenye vitu ikaingia jichoni. Tena hakutosheka na maneno. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu la chumba cha giza. Kila taa ikatia doa lake ukutani, na ilipozibwa moja, doa lake peke yake likatoweka.

Nasi tulifunga madirisha, tukatoboa kadibodi kwa msumari. Koroboi 3 tulizipanga safu, zikiachana sentimita 10, umbali wa sentimita 60 kutoka tunduni. Karatasi nyeupe ikakaa sentimita 30 nyuma ya tundu. Niliwauliza: nikiziba taa ya kushoto, litazimika doa gani? Wengi wakasema la kushoto. Likazimika la kulia! Walipopima kwa rula, madoa yaliachana sentimita 5, nusu ya taa, kwa kuwa na umbali ulikuwa nusu. Uwiano uliowatisha ubaoni sasa waliuona kwa macho. Yule aliyeniuliza swali akaomba aizibe taa yeye mwenyewe.

Sisi watu wa Pwani hupenda kujifaharisha na wanachuoni wa Kiislamu. Tusiishie hapo. Msumari na koroboi havitushindi. Mwenyezi Mungu amrehemu.