Joseph Priestley: Mhubiri aliyegundua hewa ya uhai, akahofia wingi wake

JOSEPH Priestley hakuwa daktari. Alikuwa mhubiri mwenye kigugumizi, mwana wa fundi wa vitambaa vya sufu kutoka Yorkshire, Uingereza. Hata hivyo, kila mgonjwa mahututi anayesaidiwa na mashine kupumua hufaidi matunda ya jasho lake.

Alizaliwa mwaka wa 1733. Mamaye alifariki yeye angali mdogo, akalelewa na shangazi yake. Mnamo 1767 alihamia Leeds kuhudumia kanisa, akaishi jirani na kiwanda cha pombe. Hewa iliyotanda juu ya mapipa ilimvutia, na kwayo akajifunza kutengeneza maji yenye gesi, asili ya soda za leo.

Siku iliyomjengea jina ni Agosti 1, 1774. Akifadhiliwa na Lord Shelburne huko Wiltshire, alikusanya miale ya jua kwa lenzi kubwa, akauchoma unga mwekundu wa zebaki. Katika hewa iliyotoka, mshumaa uliwaka kwa nguvu za ajabu. Mwaka uliofuata alimfungia panya ndani ya hewa hiyo. Panya ambaye katika hewa ya kawaida angeishi robo saa alikaa nusu saa. Alipotolewa alidhaniwa amekufa, kumbe ni baridi tu. Aliposogezwa karibu na moto, akazinduka. Priestley mwenyewe akaivuta, akahisi kifua kimekuwa chepesi.

Carl Scheele wa Uswidi alikuwa ameipata hewa hiyo mapema zaidi, lakini Priestley alimtangulia kuitangaza. Antoine Lavoisier wa Ufaransa ndiye aliyeipa jina la oksijeni.

Priestley alitabiri kwamba hewa hiyo ingefaa kutibu mapafu yenye maradhi. Papo hapo aliingiwa na shaka: ikiwa mshumaa huteketea upesi ndani yake, huenda hata mtu mwenye afya angemaliza uhai wake kabla ya wakati.

Maisha yake hayakuwa na utulivu. Kwa sababu ya imani yake na kuunga mkono mapinduzi ya Ufaransa, wenye ghasia waliteketeza nyumba na maabara yake mjini Birmingham mnamo Julai 1791. Mwaka wa 1794 alihamia Marekani, akafia Pennsylvania Februari 6, 1804.

Shaka yake haikuzikwa naye. Moyo unaposimama, wahudumu humpa mgonjwa oksijeni kwa wingi, kwani ubongo ukiikosa kwa dakika chache huharibika. Lakini mapigo yakisharejea na kiwango chake katika damu kuweza kupimwa kwa uhakika, mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2021 ulielekeza ipunguzwe hadi kiwango hicho kiwe kati ya asilimia 94 na 98. Ikipungua mno ubongo huumia. Ikizidi, inahofiwa kuwa huongeza madhara.

Utafiti wa Denmark uliochapishwa 2022, uliohusisha wagonjwa 789 waliopoteza fahamu baada ya moyo kusimama, haukuona tofauti ya maana katika vifo au ulemavu mkubwa kati ya waliopewa kiwango cha chini na waliopewa cha juu.

Hivyo, karne mbili na nusu baada ya mshumaa wa Priestley, daktari aliye kando ya mashine ya kupumua angali anatafuta kipimo kilicho sawa.