Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere na Kuacha Kazi

Kila tarehe 14 Oktoba, sisi wa Mabamba na wa nyanda zote za juu za Kibondo na Kasulu humwombea Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere, aliyeaga dunia siku hiyo mwaka 1999. Husimuliwa sana aliyoyatenda akiwa madarakani. Sisi tungependa kutazama namna alivyoondoka. Kwa maana miongoni mwetu wamo walimu, wauguzi na watendaji wa vijiji ambao kazi imewachosha mwili na kuwaondolea furaha nyumbani, nao wanasita kuiacha wakidhani kwamba kuacha ni dhambi. Hali Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2288, inafundisha kwamba uhai na afya ni zawadi za Mungu zinazotupasa kutunzwa.

Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akabatizwa mwaka 1943. Baada ya masomo ya Edinburgh alifundisha Pugu, katika shule ya Mtakatifu Fransisko, hata mwaka 1955 alipotakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa. Aliacha ualimu pamoja na mshahara wake, ingawa alikuwa na familia changa, akarudi kwao Uzanaki na kwa muda akawafundisha Kizanaki mapadre wa Maryknoll. Januari 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, alijiuzulu tena, safari hii uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa ili yeye akijenge chama cha TANU. Hilo halikuwa pumziko. Desemba mwaka huohuo alikuwa Rais.

Kuondoka kwake kukubwa kulikuja mwaka 1985. Vita dhidi ya Idi Amin vilikuwa vimekausha hazina, mazungumzo na Shirika la Fedha la Kimataifa yalikuwa magumu, na wazee wetu wangali wanakumbuka foleni za sukari na sabuni. Hakusukumwa na mapinduzi. Barani Afrika waliokuwa wamewahi kung'atuka kwa hiari walikuwa wa kuhesabika, kama Senghor wa Senegal mwaka 1980. Tarehe 5 Novemba Ali Hassan Mwinyi akashika nafasi yake, naye Mwalimu, mwenye miaka 63, akarudi Butiama.

Huko alilima. Alihudhuria Misa, alicheza bao, alisoma. Akiwa kiongozi alikuwa amekwisha kumfasiri Shakespeare. Sasa aliigeukia Injili na kuitia katika tenzi, zilizochapishwa mwaka 1996. Tusifiche, hata hivyo, kwamba hakuacha yote kwa mara moja: uenyekiti wa CCM aliendelea nao hadi mwaka 1990. Wala si kila aliyechoka ana shamba la kurudia. Mwenye karo za watoto huenda akahitaji kwanza kuomba uhamisho au kupunguziwa majukumu, na hilo nalo si unyonge.

Kisha likaja jambo linalotugusa sisi wa mpakani. Baada ya Rais Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, ndugu zetu walivuka kwa maelfu, na kwa miaka iliyofuata kambi kama Nduta, Kanembwa na Mtabila zikajaa. Mwaka 1996 Mwalimu, ambaye angeweza kukaa na mahindi yake, alikubali kuwapatanisha Warundi, kwanza Mwanza, halafu Arusha. Hakuwa tena na cheo cha serikali wala jeshi nyuma yake. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo sababu mojawapo ya kusikilizwa kwake.

Saratani ya damu ilimchukua akiwa London kabla mazungumzo hayajakamilika, akazikwa Butiama. Nelson Mandela aliipokea kazi hiyo, na mkataba ukatiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Mwaka 2002 misafara ya Warundi ilianza kurejea makwao kutoka Kibondo. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilifungua mchakato wa kumtangaza Mwalimu mwenye heri.