Isaac Newton na Mtofaa Wake

Katika kijiji cha Woolsthorpe, nchi ya Uingereza, alizaliwa mtoto mwaka 1642, jina lake Isaac Newton. Baba yake, aliyekuwa mkulima, alikufa miezi mitatu kabla ya kuzaliwa kwake. Na mtoto mwenyewe alikuwa mdogo na dhaifu hata watu hawakutumaini kwamba ataishi. Alipopata miaka mitatu mama yake aliolewa tena akahama, naye akalelewa na bibi yake.

Alipokua, mama yake alimwondoa shuleni ili aangalie shamba. Lakini kijana alizama katika vitabu, kondoo wakatoroka wakaingia mashamba ya jirani. Ndipo mjomba wake na mwalimu wake walipomsihi mama, naye akakubali arudi shuleni. Mwaka 1661 aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge.

Mwaka 1665 ulizuka ugonjwa wa tauni, chuo kikafungwa, naye Newton akarudi kwao. Katika bustani yao ulikuwapo mtofaa. Alipoona tofaa likianguka, alijiuliza kwa nini huanguka chini sikuzote, wala haliendi kando wala juu. Akawaza kwamba labda nguvu ile ile ilivutayo tofaa ndiyo iuzuiayo mwezi usiiache dunia. Jambo hili alilifanyia hesabu miaka mingi, hata akalieleza katika kitabu chake cha mwaka 1687. Alikufa mwaka 1727, umri wake miaka 84.

Mtofaa ule ulibaki. Mwaka 1820 dhoruba iliuangusha, lakini sehemu ya mizizi ilikuwa bado imeshika udongo. Watu wakaliacha shina pale lilipolala, nalo likachipuka tena. Hata leo mti ungali hai nao huzaa, na umri wake umepita miaka 350. Umezungushiwa uzio mdogo, wageni wasije wakaikanyaga mizizi yake.

Mbegu ya tofaa haitoi mti ulio sawasawa na mama yake. Kwa hiyo watunzaji hukata vijiti vya mti mzee, wakaviunganisha na shina changa la mtofaa mwingine. Mmoja wa watoto hao ulipandwa katika bustani ya mimea ya Cambridge mwaka 1954. Mwaka 2022 dhoruba iliuangusha nao. Lakini watunza bustani walikuwa wamekwisha kuunganisha vijiti vyake, hata ukoo wake haukukatika.

Basi mti mzee huweza kudumu kupita shina lake, mradi kijiti kikatwe kabla dhoruba haijafika.